Chupa Kumi na Nne za Maharagwe

Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, nilisimama mbele ya darasa letu la watu wazima, katika chumba cha chini cha kanisa, nikasoma kwa sauti ukurasa wa kwanza nilioutafuta mwenyewe mtandaoni: namna ya kuhifadhi maharagwe machanga kwenye chupa, kama nilivyokwisha kufanya nyumbani. Nina miaka arobaini na sita. Marehemu mama yangu alihifadhi maharagwe kila kiangazi hapa Kentaki, Marekani, lakini hakuniachia maandishi, kwa kuwa wakati ule nisingeweza kuyasoma.

"Chemsha chupa majini kwa dakika arobaini," nilisoma.

"Ngoja, Verna," Mwalimu Hatcher alinikatiza. "Umesoma sawasawa?"

"Kila neno, Mwalimu."

"Mama yako alitumia sufuria gani?"

"Ile ya presha. Ukurasa unasema si lazima."

Uso ukamsawijika. Akaniambia kwamba maji ya kuchemka pekee hayaui kijidudu kinachoweza kuota ndani ya chupa ya maharagwe, na sumu yake haina rangi wala harufu. "Umeshampa mtu?"

Nilikuwa nimempa dada yangu Oleta chupa zote kumi na nne. Jioni ile alikuwa akiwaandalia wakwe wa bintiye saladi baridi ya maharagwe hayo. Kule bondeni kwake simu haishiki. Nikakimbilia gari.

"Karibu, Bibi Msomi!" Oleta alicheka mlangoni. "Leo unatusomea nini?"

"Mmekula maharagwe?"

"Tulikuwa tunafumba macho kuombea chakula."

Nikampita, nikalinyakua bakuli mezani.

"Verna! Umerukwa na akili? Mbele ya wakwe wa binti yangu?"

"Ni sumu, Oleta."

"Si umeyapika mwenyewe?"

"Nimeyapika kama nilivyosoma!"

Hakuna aliyecheka tena. Tulizifunga chupa zote katika mifuko, tukazitupa.

Alhamisi Mwalimu alimtafuta mwandishi wa ukurasa ule, bibi mwenye aproni na tabasamu. Tulikuta ametoa mapishi mia tatu kwa siku moja. Bibi huyo hajapata kuzaliwa. Ameundwa na akili mnemba, na mtambo wa kutafuta mtandaoni tunaoutumia sote ndio uliomweka juu kabisa. Miaka arobaini niliona haya kwa kutojua kusoma. Nilipojua, wenye mtambo huo wakanipa uongo nisome, nimlishe dada yangu! Siwasamehe.

Mwalimu akatuwekea mtambo mwingine wa kutafuta, unaoruhusu kuzima majibu ya mashine. Ukanipeleka kwenye kijitabu cha ofisi ya kilimo, chenye jina la mwandishi na namba ya simu. Nikapiga. Akapokea mama mwenye mafua, akanikaripia vizuri sana: "Sufuria ya presha, dada, na usinibishie!"

Wewe uliyefika hapa, mtafute jirani yako anayehifadhi chakula, umsomee haya. Kama hajui kusoma, msomee polepole, naye amweleze mwenzake.