Simu Aliyoiuza Miska

Miska alikwenda kuuza simu yake ya zamani akiwa na furaha ya mtu anayejiandalia maisha mapya. Alikuwa ameshaolewa mara moja akaachwa, na hakutarajia tena kuposwa. Sasa Munir alikuwa amemposa, mahari yamekubaliwa, na Munir huyohuyo ndiye aliyemshauri anunue simu ya kugusa, wapate kutumiana picha za mapazia na vyombo vya nyumba yao. Basi Jumamosi moja ya mwaka 2009 alitoka kazini Edmonton, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha watu wasiojiweza, akapanda basi mpaka Tottenham na kuingia dukani kwa Sufian.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba, limebanwa baina ya kinyozi na muuza ndizi mbichi. Sufian aliuza simu mpya na kuukuu, akabadilisha vioo, akafungua simu zilizofungwa na kampuni. Alikuwa mcheshi na mkarimu wa chai, na kwa hiyo kila Jumamosi mchana Wazanzibari wa maeneo yale walijaa humo wakalifanya baraza. Mazungumzo yao hayakuwa mengine ila simu.

"Hii ya Wamarekani ni kioo kitupu," alikuwa akisema Rajab, dereva wa basi. "Betri haifiki magharibi, na huwezi kuitoa ukaweka nyingine. Hiyo si simu, hiyo ni mgonjwa wa kulazwa."

"Lakini itazame inavyoteleza," alisema Sufian, akipitisha kidole juu ya kioo. "Ukishaizoea hii, zile nyengine utaziona kama pasi ya mkaa."

"Mie siachi vitufe," alisema Muhiddin, akiinua simu yake nyeusi ya ofisini. "Barua zangu zote za kazi zimo humu, na zimefungwa. Hata akiiokota mwizi hasomi kitu."

Muhiddin alikuwa kaka yake Munir. Baba yao alipokufa yeye ndiye aliyeshika nyumba, na neno lake halikupingwa. Kazi yake ilikuwa ukarani katika ofisi ya mawakili wa hataza, kule Holborn. Mawakili hao huwasaidia waliobuni vitu waviandikishe, ili mwengine asiviige bila ruhusa. Kwa sababu hiyo dukani alisikilizwa kama kadhi.

"Karibu, shemegi," alimwambia Miska bila ya kumtazama sana. Hakupenda ndugu yake, kijana asiyewahi kuoa, amchukue mwanamke aliyekwisha achwa. Alikuwa na binti wa rafiki yake wa Leicester aliyemwekea Munir, na alikuwa ameshazungumza na babake.

Miska alichagua simu yake, akaitoa ile kuukuu ili apunguziwe bei ya mpya. Sufian akamhamishia picha na namba.

"Na zile za kwenye kuukuu?" aliuliza Miska.

"Nafuta zote, dada yangu." Akabonyeza, akamgeuzia kioo. "Tazama mwenyewe. Hamna kitu."

Miska alitazama, akaona hamna kitu, akashukuru, akatoka.

Jumamosi iliyofuata baraza lilikaa kama kawaida. Mjadala wa siku hiyo ulikuwa kuhusu Wakorea na simu zao mpya za kioo, ambazo Rajab alizisifu kwa kuwa betri zake hutoka.

"Wataingia matatani," alisema Muhiddin. "Kule kuteleza kwa kidole kuna mwenyewe. Kumeandikishwa."

"Kidole changu kina mwenyewe?"

"Kidole chako, hapana. Namna ya kioo kukiitika kidole, ndiyo. Wazo la mtu ni mali yake, Rajab. Ukilichukua bila ya ridhaa yake ni wizi, hata kama hukuvunja mlango."

"Basi na sisi je?" alisema Rajab. "Kampuni inajua nilipo saa hizi, inajua nimempigia nani na tumezungumza muda gani. Hayo si mali yangu? Mbona hayo hayaandikishwi?"

Watu waliguna kukubali. Muhiddin akatabasamu. "Asiye na la kuficha hana la kuogopa."

"Na hata ukificha, huwezi," alidakia Sufian, ambaye alipenda kuwafurahisha wageni wake. "Mnadhani kufuta ni kufuta? Nimepata programu, inarudisha kila kilichofutwa. Ngojeni niwaonyeshe."

Akavuta droo, akatoa simu ya kwanza iliyomjia mkononi, akaiunganisha na kompyuta. Ilikuwa ya Miska. Picha zikaanza kutokea moja baada ya moja: bustani ya nyumba ya wazee, Munir akila aiskrimu, kikombe cha chai. Wanaume wakasogea kwenye skrini, wakishangaa. Kisha zikaja za ukumbini.

Zilipigwa siku ya kumsinga Nusra, binti ami yake Miska, yaani kumsugua mwili kwa singo, manukato ya bibi harusi, katika ukumbi uliokodiwa na wanawake watupu. Mabuibui yalitundikwa mlangoni, mapazia yakafungwa. Katika picha moja Miska amenyoosha mkono wake na kujipiga mwenyewe: kanga kifuani, nywele zimemwagika mabegani, singo ya manjano shavuni, mdomo wazi kwa kicheko. Nyuma yake Nusra amekaa mabega wazi, na kina mama wanampaka.

Hakuna aliyesogea nyuma.

"Funga hiyo, Sufian," alisema Rajab. "Hao ni watoto wa watu."

"Tunatazama programu, bwana, hatutazami wanawake," alisema mmoja, na wengine wakacheka.

Rajab akachukua koti lake akatoka. Lakini hakumwambia mtu alichokiona, wala hakurudi kuhakikisha kwamba kimefutwa. Alikwenda kuendesha basi lake.

Muhiddin hakucheka wala hakutoka. Alitoa simu yake nyeusi akaiweka juu ya kaunta.

"Nirushie hiyo."

"Ya nini, Muhiddin?"

"Nirushie."

Sufian akamrushia kwa bluetooth. Na kwa kuwa amemrushia mmoja, hakuweza kuwanyima wengine.

Jioni ile Muhiddin alikwenda Edmonton kwa mama yao, Bi Mwanabaraka, aliyekuwa akiishi na Munir. Akamwonyesha picha. Bibi akavaa miwani, akaitazama, akatabasamu.

"Siku ya Nusra hiyo. Mbona mie nilikuwapo? Nimekaa upande huu, sikuonekana tu. Miska alitufanya tucheke mpaka mbavu zikatuuma."

"Ulikuwapo wewe, mama. Lakini sasa imo katika simu za waume wote wa dukani kwa Sufian."

Tabasamu likamtoka. "Nani aliyewapa?"

"Hilo silo la kuuliza. La kuuliza ni hili: Munir atapita vipi barabarani, na kila anayempa salamu ameshamwona mkewe na kanga moja?"

Bi Mwanabaraka alimpenda Miska. Alikuwa amemwekea kanga doti nzima sandukuni. Lakini alimtazama mwanawe mkubwa, akaona ameshakata shauri, naye alikuwa amezoea kumwachia mashauri. Akavua miwani. "Mwambie wewe ndugu yako," alisema. "Mie sina ulimi wa kumwambia."

Munir alipoambiwa alipiga ukuta kwa ngumi, akaapa kwamba atakwenda kulivunja duka la Sufian. Muhiddin alimwacha atoke jasho. Kisha akamrushia picha, akamwambia, "Tazama kwanza hicho unachokipigania."

Siku ya pili Munir alimwita Miska kwenye kituo cha mabasi cha Edmonton Green. Miska alifika na sare yake ya kazi, hajui lolote. Munir akamweleza akiwa ametazama chini. Miska akashika nguzo ya kituo.

"Na hao walioitazama?" aliuliza. "Umewaambia nini?"

"Niwaambie nini? Picha ni yako."

"Nilimpa Sufian simu, sikumpa picha. Alinionyesha kwamba amezifuta."

"Ulipiga za nini, Miska? Mwanamke mzima, katika singo, unajipiga picha na nywele nje?"

"Ili nikuonyeshe wewe," alisema Miska. "Tukishaoana. Nilitaka unione siku niliyokuwa na furaha."

Pengine neno hilo lingemgeuza Munir, lakini basi lake lilikuwa linaingia, na watu wawili wa Pemba waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakiwatazama, na mmoja alikuwa akichekea ndani ya mtandio wake. Munir aliona hivyo. Akapanda.

"Umeifuta lakini?" Miska alimpigia kelele. "Munir! Umeifuta?"

Mlango ukafungwa. Hakuwa ameifuta.

Jumamosi Miska alikwenda dukani. Alisukuma mlango baraza limejaa, wanaume wakashusha vikombe. Sufian akaanza kupanga vifuniko vya simu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Sikuja kwako," Miska alimwambia. "Wewe ni muuza duka, unauza chochote. Nimekuja kwa Muhiddin." Akamgeukia. "Kaka Muhiddin, wewe ndiye mwenye kujua habari za kila kitu na mwenyewe. Nambie basi. Ile picha ni ya nani?"

Muhiddin aliweka chai yake chini taratibu. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali la kazini.

"Sheria ya nchi hii inasema picha ni ya aliyeipiga. Si ya aliyepigwa. Sura haina hataza."

"Niliipiga mwenyewe."

Mmoja wa wanaume alikohoa. Muhiddin akaitikia kwa kichwa polepole, kana kwamba amefurahishwa na mwanafunzi.

"Basi ni yako. Nenda mahakamani. Watakuuliza ni ipi, itabidi uitoe. Wataiweka juu ya meza, ataiona hakimu, wataiona makarani, ataiona mkalimani. Kisha watamwita kila baba hapa, wamuulize ameiona wapi na imemfanyaje. Unataka hivyo? Kama unataka, nitakutafutia wakili mwenyewe."

Miska alitazama huku na huku. Alikuwa akiwafahamu wote. Wengine aliwauguzia mama zao. Alingoja mmoja aseme neno. Rajab alikuwamo, kwenye kiti cha pembeni, na macho yake yalikuwa chini kwenye simu, anasogeza kitu kwa kidole.

"Hii simu mpya vipi, dada?" aliuliza Sufian, kwa sababu kimya kilikuwa kimemzidi. "Inakufaa?"

Wanaume wakapasuka kwa kicheko. Pengine hawakukusudia; kilikuwa kicheko cha watu waliobanwa pumzi. Lakini Miska alikisikia hadi nje, mpaka kwa muuza ndizi, na kilipotulia akasikia sauti ya Muhiddin ikirejea palepale ilipokatwa, kwenye habari za Wakorea.

Pigo ambalo hakulitarajia lilitoka kwa wanawake. Alidhani wao watajua, kwa kuwa walikuwapo. Alikwenda kwa Nusra, na mume wake Nusra ndiye aliyefungua mlango. Hakumkaribisha. Nusra alitokea nyuma yake macho yamevimba.

"Mabega yangu yamo humo, Miska," alisema. "Hata mwezi sijamaliza katika ndoa. Ananiuliza nani mwengine alikuwa akipiga. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni mimi niliyeibiwa."

"Aliyeibiwa ni yule aliyefunga mlango," alisema Nusra. "Wewe uliuza."

Tangu hapo Miska hakualikwa tena kwenye sherehe yoyote. Munir alioa Leicester kabla ya mwaka kwisha, na Bi Mwanabaraka aliitoa ile doti sandukuni akampa bibi harusi mwengine. Sufian alipata wateja zaidi, kwa kuwa ilijulikana kwamba anaweza kurudisha vilivyopotea. Muhiddin alipandishwa cheo ofisini. Miska alihama, akapata kazi katika nyumba nyengine ya wazee, Thornton Heath, upande wa pili wa mji ambako hakuna aliyemjua kwa sura.

Baada ya muda mrefu mwenzake wa kazini, Njeri, Mkenya aliyeolewa na mtu wa Mombasa, alimwalika kwenye sherehe ya wifi yake. Miska alikataa, kisha akakubali, kwa sababu alikuwa ameishi na upweke mpaka amechoka. Alivaa gauni la kijani, akapaka wanja.

Mlangoni mwa ukumbi alikaa bibi mmoja wa Kiunguja na beseni kubwa la plastiki mapajani, limejaa simu. Kila mwanamke aliyeingia alitakiwa aweke yake, na bibi alibandika karatasi yenye jina la mwenyewe.

"Lete simu, mwanangu," alisema kwa upole. "Usinione mkorofi. Siku hizi hatuaminiani. Kuna mmoja alitufanyia mambo kule Tottenham, akawapiga watoto wa watu picha akaziuza dukani. Miska huyo. Basi tangu hapo tunasema, mtu asije akatufanyia Umiska."

Miska alimkabidhi simu. Ndani ngoma ilikuwa imeshaanza, na vigelegele vilimfikia.

"Jina lako nani, niandike?"

Njeri alikuwa ameshatangulia ndani. Hapakuwa na mtu wa kumsikia.

"Andika Mwatima," alisema.

Bibi akaandika, akabandika, akamwambia apite. Miska akaingia, akatafuta kiti karibu na ukuta, akakaa na buibui lake mwilini. Wenzake walipomwita acheze, aliwaambia miguu inamuuma.