Picha ya Mama wa Nainokanoka

Brigita Tluway alikuwa mtu wa kunusa kwanza, kuamini baadaye. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa lodge moja ya watalii nje kidogo ya Karatu, na katika miaka yote hiyo hakuna yai lililoingia kwenye unga wake wa keki bila kupasuliwa kwanza kwenye kikombe cha pembeni. Maziwa aliyanusa. Nyama aliibonyeza kwa kidole gumba. Wauza nyanya wanaopanga nzuri juu na mbovu chini walikuwa wakimwona amesimama mlangoni, wanaanza wenyewe kumwaga tenga chini kabla hajasema neno.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukishuku, nacho ni mkono wake mwenyewe. Mpishi lazima aonje, na Brigita alianza kuonja saa kumi na moja alfajiri: kipande cha mkate wenye siagi, kijiko cha mchuzi, kingine cha kuhakikisha chumvi, viazi vya kukaanga vilivyorudi kutoka meza za wageni na ambavyo ni dhambi kuvitupa. Akirudi nyumbani saa kumi alasiri anakaa na mumewe, Isaya, wanakula ugali kama watu walioshinda shambani. Ni kweli Isaya alikuwa ameshinda shambani.

Magoti yalipoanza kulalamika alikwenda kituo cha afya. Muuguzi Selina, mwanamke mwembamba asiye na haraka, alimwambia presha imepanda, sukari imefika mpakani, na uzito ni kilo tisini na sita. Brigita akamwomba muuguzi apande yeye kwenye mizani, aone kama haisemi uongo. Selina akavua viatu, akapanda. Mizani ilikuwa nzima.

Selina akamweleza la kufanya: apunguze mafuta na sukari, nusu ya sahani iwe mboga za majani, aache kula akiwa amesimama, atembee kila siku, na vidonge vya presha asiviache hata siku moja. Brigita akasubiri aendelee. Hakuendelea. Akatoka pale akiwa na mashaka zaidi kuliko alivyoingia, kwa sababu ushauri wenyewe ulikuwa mwepesi mno, kama kitu ambacho hata bibi yake angemwambia.

Jumapili ile, baada ya ibada, Ndeshi alimshika mkono. Ndeshi alikuwa mwenyeji wa Machame aliyeolewa Karatu, mwenye duka la vitenge karibu na stendi, na waliimba pamoja sauti ya pili kwenye kwaya kwa miaka minane. Alikuwa amesikia habari ya presha. Akamwambia apite dukani, kuna kitu kimetoka Arusha, na yeye hawezi kumwona dada yake akiteseka huku dawa ipo.

Dawa yenyewe ilikuwa unga wa kahawia ndani ya kopo la plastiki. Kopo liliandikwa kwamba ni mitishamba ya Loliondo, kwamba mtu hahitaji kujinyima wala kutembea, ale atakacho, na mwili utapungua wenyewe. Ukutani, juu ya majora ya vitenge, kulikuwa na bango lenye picha mbili. Katika ya kwanza mwanamke mnene alikuwa akicheka hadi macho yamefumba. Katika ya pili mwanamke yuleyule alikuwa amebaki nusu, mashavu yamezama, gauni limemning'inia. Chini yake: Mama J. wa Nainokanoka, kilo ishirini na moja ndani ya siku arobaini.

Ndeshi alieleza kwa bidii, na Brigita hakumkatiza. Macho yake yalikuwa kwenye picha ya pili. Begani mwa yule mwanamke palikuwa na vidole vitatu. Mtu mwingine alikuwa amemshika, kisha akakatwa nje ya picha, vikabaki vidole peke yake. Na tena, mtu aliyepungua kilo ishirini na moja kwa kutaka mwenyewe angeitazama kamera. Huyu alikuwa anatazama chini.

"Unamjua huyu mama?" Brigita aliuliza.

Ndeshi alijibu upesi kwamba hamjui vizuri, picha zilitoka Arusha pamoja na makopo. Akaanza kukunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Hata hivyo Brigita alinunua kopo moja. Magoti yalikuwa yanauma, Ndeshi alikuwa mtu wake, na moyo wa mgonjwa una tundu dogo ambalo matumaini hupita hata kama akili imefunga mlango. Ila hakukoroga. Alilipeleka kopo jikoni kazini na kuweka unga kidogo kwenye ncha ya ulimi, kama anavyoonja kiungo kigeni. Kulikuwa na tangawizi na kakao. Nyuma yake ukaja uchungu anaoujua: sanamaki, majani ambayo bibi yake wa Mbulumbulu aliwachemshia watoto wakifunga choo. Nyuma ya sanamaki kulikuwa na uchungu mwingine, mkavu, wa kidonge kilichosagwa. Huo hakuujua. Akatema, akasukutua kinywa.

Siku hiyohiyo alimwonyesha Tobiko, mlinzi wa geti la lodge, ambaye kwao ni Oloipiri, huko huko Loliondo. Tobiko alisoma kopo lote taratibu, kisha akalirudisha.

"Mama, kwetu mtu akikonda tunamuuliza anaumwa nini," alisema. "Nani atapoteza siku kumchimbia mzizi wa kumkondesha zaidi?"

Alizitaja dawa anazozijua, magome ya kuchemshwa na supu, mizizi ya viungo na ya tumbo. Ya wembamba hakuwahi kuisikia, wala hakumjua mtu wa Loliondo aliyeuza unga wa rangi ile.

Muuguzi Selina naye aliligeuza kopo akitafuta orodha ya vilivyomo na namba ya usajili. Hakuona hata kimoja. Alisema mtu akiharisha siku tatu mizani itashuka kweli, lakini kilichotoka ni maji, na yatarudi. Kuhusu ule uchungu wa kidonge hakutaka kubahatisha, ila alimwambia mtu mwenye presha asicheze na kitu ambacho mtengenezaji wake ameficha jina.

Hapo Brigita angeweza kuliacha jambo. Lakini Nainokanoka si Dar es Salaam, mtu hapotei pale. Lodge ilikuwa na kambi yake ndogo huko huko juu, ndani ya hifadhi ya wanyama, na mpishi wa kambi alikuwa ameomba likizo ya wiki moja. Kwa kawaida Brigita huikwepa zamu ya huko kwa ajili ya baridi. Safari hii aliiomba mwenyewe.

Siku ya pili, alipomaliza chakula cha mchana, alijifunga shuka mbili akatembea hadi kwenye maduka. Ng'ombe walikuwa wakipita katikati ya njia, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Aliuliza duka la kwanza kama kuna mama ambaye jina lake linaanza na J, aliyekuwa mnene zamani. Mwenye duka hakuhitaji kufikiri. Akamwelekeza duka la mwisho, kwa Mama Judith, mjane wa mwalimu Thadei.

Neno lile, mjane, lilimpunguza Brigita mwendo.

Judith alikuwa nyuma ya meza akipima sukari. Alikuwa yeye, bila shaka yoyote, amejaa kidogo kuliko kwenye bango. Brigita alinunua majani ya chai asiyoyahitaji, wakazungumza habari za baridi, za Karatu, za kwaya. Aliposikia kwamba mgeni anaimba na Ndeshi, Judith alifurahi. Ndeshi alikuwa binamu yake, mtoto wa mama yake mdogo.

Na Ndeshi alisema hamjui vizuri, Brigita aliwaza. Akatoa simu. Alikuwa amelipiga picha lile bango siku aliponunua kopo. Akaiweka juu ya meza na kusema anaomba radhi kwa anachokuja kumwonyesha.

Judith aliivuta karibu. Alisoma maneno yote, hata yale madogo ya chini, akarudi juu akaanza tena.

"Hii ya kwanza ni ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho," alisema. "Thadei alikuwa amesema kitu, ndiyo maana nacheka hivyo."

"Na hii nyingine?"

"Hii nyingine tunamzika."

Vile vidole vilikuwa vya mama yake, aliyemshika asianguke. Thadei aliugua miezi mitano, na Judith alimuuguza bila kula, kisha akamzika, kisha akakaa miezi mingine ambayo chakula kilikuwa kama mchanga mdomoni. Ndeshi alikuja msibani. Alimsaidia sana, alipika, aliosha vyombo, na ndiye aliyekuwa na simu nzuri ya kupiga picha. Unga wa kwenye kopo Judith hakuwahi kuuona.

Alisukuma simu ikarudi upande wa Brigita.

"Kuna watu wanasimama mbele ya hii wanatamani wawe kama mimi?"

Brigita akaizima simu. Judith alimalizia kupima sukari ya mteja, akafunga mfuko, akauliza gari la kambi linashuka lini.

Lilishuka Jumamosi. Judith alivaa koti zuri, akakaa mbele na dereva, na njia nzima, kupita geti la hifadhi na kuteremka hadi kwenye udongo mwekundu wa Karatu, hakuzungumza zaidi ya salamu. Brigita alikaa nyuma na makreti matupu, akijiuliza kama amefanya haki au amemchokoza mjane bure. Alijishuku hata nia yake mwenyewe. Je, alikuwa akimtetea Judith, au alitaka tu kuthibitisha kwamba pua yake haikosei?

Dukani walikuta wateja wawili, mmoja ameshika kopo mkononi akisoma. Ndeshi aliinua uso akaanza kutabasamu, na tabasamu likamwishia njiani. Judith alimwamkia. Kisha akazunguka majora ya vitenge, akasimama chini ya bango. Mteja mwenye kopo alimtazama yeye, akatazama ukuta, akamtazama tena.

"Kumbe ndiye wewe, mama? Inafanya kazi kweli?"

"Ndiye mimi," Judith alisema. "Siku hiyo nilikuwa namzika mume wangu. Unga huu sijawahi kuuonja."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Mteja akaliweka kopo mezani kwa uangalifu, kana kwamba lina moto, akamvuta mwenzake wakatoka. Ndeshi alipanda kwenye kigoda akalibandua bango, na kona moja ikabaki ukutani.

Akaeleza. Yule aliyempa makopo Arusha alitaka ushuhuda wa mtu wa eneo hili, la sivyo angempa mwingine biashara. Alituma picha mbili akijiambia Nainokanoka ni mbali, na jina lenyewe ni herufi moja tu. Alilia alipokuwa anasema hivyo, na Judith alimpa leso, lakini hakumwambia kwamba yameisha.

Brigita alikuwa na swali moja. Alimuuliza kama yeye mwenyewe huutumia ule unga.

Ndeshi alitazama sakafu. "Niliacha siku ya nne," alisema. "Moyo ulikuwa unanienda mbio."

"Na mimi ulijua nina presha."



Judith alilala kwa Brigita usiku huo. Isaya alikuwa ameleta mbaazi mpya kutoka shambani, Brigita akazipika kwa nyanya na kitunguu na kijiko kimoja cha mafuta, akachuma mboga ya mnafu nyuma ya nyumba, ugali akausonga mdogo. Walikula wameketi. Judith aliomba aongezewe, na alipomaliza akaomba tena maziwa.

Ndeshi alirudisha makopo Arusha, au ndivyo alivyosema. Brigita alimpelekea muuguzi Selina lile lake, naye akaahidi kulifikisha kwa wanaohusika na dawa, na jibu halijarudi hadi leo. Kwenye kwaya Brigita na Ndeshi wanasimama bado upande mmoja, ila katikati yao amehamia mwimbaji mwenzao, Angelina, na hakuna aliyemwomba ahame. Wakikutana sokoni wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani. Brigita anajibu vizuri. Akipewa kitu na Ndeshi, hata embe, analigeuza kwanza.

Ushauri wa Selina aliufuata, nao pia aliufuata kwa kuuchunguza. Kila alichoonja jikoni alikiandika kwa chaki kwenye ubao wa nyuma ya mlango, na siku ya kwanza ubao ulijaa kabla ya saa nne asubuhi. Alisimama akautazama kama mtu aliyemkamata mwizi na kukuta ni ndugu. Akaanza kuonja kwa kijiko cha chai. Akaacha viazi vya wageni. Sukari kwenye chai aliishusha kijiko kimoja kila mwezi, na kile cha mwisho kilipigana naye sana. Asubuhi alitembea kwenda kazini, dakika arobaini, magoti yakinung'unika wiki tatu za kwanza na kunyamaza ya nne.

Mwezi wa kwanza alipungua kilo moja. Wa pili hakupungua hata kidogo, akarudi nyumbani amenuna, akala sambusa mbili, kesho yake akaendelea. Kufikia mavuno ya mahindi alikuwa ameacha kilo sita njiani, na presha ilikuwa imeshuka kiasi cha Selina kupima mara mbili kabla ya kuandika. Kilo sita kwa miezi saba. Hakuna mtu angebandika hilo ukutani.

Selina alimwambia amefanya vizuri sana. Brigita alimtazama kuona kama anamsifu bure, hakuona dalili, akavaa viatu vyake akaenda kazini.