Dirisha la Kuinamia

Stesheni ilipomaliza kukarabatiwa, Mama Redio, muuza chai aliyejua habari za kila nyumba, alifika mapema akate tiketi kwenda kumwona mjukuu wake mchanga. Njiani akasifu kila kitu: vigae vyekundu, nguzo za chuma, upenu mpana wa kukinga jua. Alipofika pa kukatia tiketi, sifa zikaisha.

Dirisha la abiria wa kawaida lilikuwa limerudishwa chini, usawa wa kiuno, tundu kama la banda la kuku. Ndivyo wakoloni walivyolijenga, ili mwenye tiketi rahisi ainame ndipo asikike. Walipoondoka tu, baba yake Mama Redio, mwashi wa reli, alilipandisha na wenzake hadi usawa wa uso. Dirisha la daraja la kwanza, lenye ubao wa kuegemea kiwiko, lilikuwa juu vilevile, limefungwa, limeandikwa "Usiguse".

"Nani kashusha dirisha letu?" akamuuliza mtaalamu wa majengo ya kale, aliyekuwa akipiga picha.

"Tumerejesha asili, mama. Picha za zamani zinaonyesha hivi."

"Na hao waliopinda migongo pichani, wanacheka?"

"Ni historia. Wageni watapenda kuiona."

"Basi iandikeni kwenye kibao, mtundike ukutani. Msinitundikie mimi mgongoni."

Foleni ikaguna. Mkata tiketi, mtoto wa mdogo wake Mama Redio, ambaye mle ndani aliona matumbo ya watu tu, akaita, "Mama mkubwa, inama kidogo tu, treni inakuja."

"Umenijuaje? Kwa kitovu?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nimekubeba mgongoni wewe, leo unanihudumia kama unamwagia bata pumba."

Akaenda kugonga dirisha la daraja la kwanza.

"Hilo la maonyesho, mama mkubwa."

"Nami nataka kuonekana."

"Ukilifungua," mtaalamu akamwambia kijana, "jina lako linafika makao makuu."

Honi ikalia karibu.

"Treni na iondoke," Mama Redio akasema. "Mjukuu nitamwona kesho. Kuinama siinami."

Komeo likalia. Dirisha likafunguka, likinuka rangi mbichi, na uso wa kijana ukatokea, umelowa jasho.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akaweka kiwiko juu ya ubao. "Haya, nikatie."

Nyuma yake foleni nzima ilikuwa imeshahamia pale, huku mtaalamu akieleza asili ya jengo, na wa kumsikiliza hayupo.