Sauti ya Bule Ndani ya Diski

Amri ilitoka makao makuu baada ya kompyuta moja kuibwa kwenye njia ya Komanda ikiwa na majina ya wakimbizi: kila diski ya ofisi ya Bunia, mashariki mwa Kongo, isimbwe nzima, asiye na nywila asisome hata herufi. Kanyere, fundi wa kompyuta wa shirika, hakubishana. Ila hakusimba diski yoyote kabla ya kuikagua. Usimbaji hugusa kila sehemu ya diski. Ukikuta sehemu iliyoharibika unaweza kukwama katikati, na diski iliyokwama hivyo huenda isimfungukie hata mwenyewe.

Kompyuta ya Dorothée, msimamizi wa ugawaji wa mbegu, ndiyo iliyogoma. Ukaguzi ulienda vizuri hadi katikati, ukasimama, diski ikaanza kugonga.

"Mama Dorothée, hii disque iko mubaya. Natoa bile binasomeka, naweka disque ya mupya. Hii ya zamani tunaitoboa."

"Kutoboa na nini?"

"Na mashine ya kutobolea mbao. Iko na majina ya bantu tunapatia mbegu."

"Weye uko munganga asiye na huruma." Dorothée alivuta kiti akaketi. "Kazi yangu yote iko kwa serveur, ile machine kubwa ya ofisi. Kuko sauti ya baba. Ni ile tu nataka."

Kanyere alitafuta faili ya sauti ilipokaa. Karibu madoa yote ya diski, zile sehemu zilizoharibika, yalikuwa ndani yake, mengi zaidi kuelekea mwisho. Hakupenda jambo lisilo na sababu.

"Hii sauti unaisikilizaka wapi?"

"Kwa njia, nikitoka kwetu Bule juu ya moto. Naweka écouteur kwa masikio, naacha machine inawaka ndani ya sac ya mugongo. Ile njia iko murefu, dada."

"Na iko na mashimo."

"Mashimo tu!"

Kanyere alimweleza kama ilivyo. Ndani mna sahani inayozunguka, na kichwa kinachoisoma bila kuigusa. Pikipiki, ile moto yake, ikiruka shimo, kichwa huiparuza sahani pale pale kinaposoma.

"Basi ni mimi nilimuharibu," Dorothée alisema.

"Ni mashimo. Lakini pale ulisikiliza sana, ni pale paliumia sana."

Alisema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kisha akaiagiza mashine isome kila sehemu mara moja, iruke isiyojibu na kuirudia mwisho. Kulazimisha mapema kungeiua diski. Vijisanduku vya kijani vilianza kujaa kwenye kioo.

"Sasa iko inafanya nini?"

"Inaita kila kipande. Kikijibu, inakiandika. Kisipojibu, inapita."

Dorothée alicheka kidogo. "Iko sawa na baba. Kwetu bangombe habahesabiwe, ni mukosi. Mangaribi alikuwa anabaita na majina, mumoja mumoja. Ule hajibu, ndiye amepotea."

"Na weye ulirekodi ile?"

"Siku alirudi Bule na bale bangombe kidogo vita ilimuachia. Alisema nikamate sauti, kesho hatujue. Mwaka haukuisha, akakufa."

Diski iligonga mara nyingine, ikalia kama chuma kwenye jiwe, ikanyamaza. Haikuzunguka tena. Vipande vilivyokwisha kujibu Kanyere alivitia kwenye diski mpya, akaifungua faili.

Upepo. Sauti ya mzee, kavu, isiyo na haraka: "Sukari!" Ng'ombe akalia. "Mapendo!" Akalia mwingine. Kisha sauti ikakatika.

"Ministre!" Dorothée akaita kwenye kimya kile, kwa nguvu, kama mtu aliyesimama mlangoni mwa zizi. Ng'ombe wa kwenye rekodi akaitikia kwa mlio mnene. "Ule alikuwa na kiburi, huyo! Hakuitikaka mara moja."

Kila pengo lilipofika alilijaza, naye hakukosea jina. Alikuwa ameyashika yote njiani. Hatimaye ng'ombe wakaisha, kukabaki upepo na kwato. Pengo refu likafuata. Dorothée alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

Kutoka kwenye kompyuta ikasikika sauti yake mwenyewe, changa kidogo, ikicheka:

"Niko, baba."

Faili ikaisha hapo.

"Pale alikuwa ananiita mimi," alisema. "Wa mwisho, baada ya bangombe. Rudia kuisoma ile ya zamani, dada. Pale tu."

Kanyere aliichomeka tena ile diski, akaiegemeza sikioni. Hakukuwa na mzunguko.

"Imekufa, mama."

"Unajua?"

"Najua."

Dorothée aliitazama ile diski, kisha akamsogezea kwa kidole. Kanyere akaitoboa kwenye kibaraza, matundu matatu, na vumbi la chuma akalifagia. Aliporudi, kompyuta ilikuwa inamngoja mwenyewe aandike nywila yake, na Dorothée alikuwa bado na écouteur masikioni, uso umeelekea dirishani.

"Tufunge disque, mama?"

Hakusikia. Kanyere alisimama nyuma ya kiti, akangoja hadi faili ikaisha kwenye kioo, kisha akamgusa bega na kumwita kwa jina.

"Niko," Dorothée alisema. Akavua écouteur, akaandika nywila.