Springi Laini

Pikipiki ya Raphael ilikuwa ya njia za porini, ndefu, na shokapu yake ya nyuma, yenye springi ya kupunguza mtikisiko, ilikuwa ngumu, maana aliyemuuzia aliikaza ili abebee magunia ya mahindi. Ugumu huo haukumsumbua mpaka saratani ilipoingia mifupani mwa mama yake, Leticia, ikabidi ampeleke hospitali mara kwa mara kutoka kijijini kwao. Masika yalikuwa yameichimba barabara, na hakuna gari lililokubali kupanda huko. Kila waliporushwa na shimo, mama aliuma upindo wa kanga.

Siku moja wakitoka hospitali, Raphael alimpitisha kwa Nassoro, fundi wa pikipiki hapo Songea mjini. Nassoro alimwamkia mama shikamoo, akauliza uzito wake na njia wanayopita. Akachagua springi laini, akaweka oili nyepesi kwenye foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Kisha akamkalisha mama, akawa anakibonyeza kiti polepole huku akimtazama usoni. Alipoona amekunja uso, alilegeza pete ya springi, akabonyeza tena.

Safari ile mama alisema kuna nafuu. Raphael akafurahi kama mtu aliyepata dawa.

Lakini mama alizidi kukonda, na springi iliyomfaa ikaanza kumrusha. Nassoro akailegeza. Baada ya wiki chache akailegeza tena. Mara ya mwisho alishika pete, ikagoma. Ilikuwa imefika mwisho.

"Weka laini zaidi," Raphael alisema.

"Nikiweka, uzito wako wewe utaibonyeza mpaka chini. Hapo kila shimo litampiga mgongoni."

Raphael alisisitiza, akasema wajaribu tu. Nassoro akaweka spana chini. Mama, aliyekuwa kwenye benchi amejifunika kanga, ndiye aliyesema.

"Mwanangu, nimechoka kubebwa. Nirudishe nyumbani, tusije tena."

Raphael alitaka kubisha. Badala yake alihisi mabega yanamshuka, kama ametuliwa mzigo, na jambo hilo likamwumiza kuliko maneno ya mama. Akamfunga mgongoni kwake kwa kanga, wakaondoka taratibu na pikipiki, akikanyagia miguu chini kwenye utelezi.

Leticia alifia kitandani kwake kabla mahindi hayajakauka shambani. Asubuhi hiyo Raphael alivaa viatu, akaipita pikipiki uani, akaenda kwa miguu hadi kwa shangazi yake kupeleka taarifa ya msiba.