Kanga wa Chini ya Cherehani

Mayai ya kanga yaliletwa na mkata nyasi. Aliyakuta kwenye kichaka alichokuwa akikifyeka, mama yao ameshatimka, akayafunga kwenye shati na kuyapeleka moja kwa moja kwa Shangazi, fundi cherehani. Mtaa mzima ulijua kwamba Shangazi ana kuku anayeatamia chochote, hata ukimwekea mawe.

Kuku akaatamia kweli. Lakini vifaranga walipotoka, wamejaa milia kichwani kama waliochorwa kwa chaki, aliwatazama kwa jicho moja, akamdonoa wa karibu, akaondoka zake kwenda kuparua jalalani. Wala hakugeuka nyuma.

"Kaona si damu yake," Shangazi alisema. "Haya, Kimya. Mzigo wako huo."

Kimya ndivyo alivyoitwa binti wa kaka yake, aliyekuwa akiishi naye na kujifunza kushona. Mikono yake ilikuwa myepesi kwenye sindano, ila sauti yake iliishia kwenye meno. Mteja akimuuliza jambo, yeye hutazama sakafu na kusubiri Shangazi ajibu.

Akawaweka vifaranga ndani ya boksi la vitambaa, chini ya cherehani, pembe pekee ya chumba ambayo upepo haukufika. Usiku aliwasogezea matofali mawili na juu yake pasi ya mkaa, ile ile ya kunyooshea sketi, ikiwa imebakiwa na joto la majivu. Maji aliwapa kwenye kifuniko chenye vijiwe, maana kifaranga wa kanga ni mjinga wa maji, anaweza kufa kwenye kina cha kidole. Kosa alilofanya ni moja tu: siku za kwanza alitandika gazeti. Gazeti huteleza. Alipokuja kubadilisha na kuweka mabaki ya vitambaa, mmoja alikuwa ameshatanua mguu wa kushoto pembeni kama mkasi ulioachwa wazi. Kimya alimfunga miguu kwa utepe laini, akamfungua baada ya siku kadhaa, mguu ukarudi lakini si sawasawa. Wakamwita Chechemea.

Kuwazoesha hakukumsumbua. Kanga haogopi kitu kama anavyoogopa kelele na mikono ya haraka, na Kimya hakuwa na hata kimoja. Shangazi akiwa anakata kitambaa, Kimya ndiye humshikia, hana nafasi. Shangazi akikaa kwenye mashine na kuanza kukanyaga pedali, hapo ndipo mikono ya Kimya inapokuwa huru. Basi huchuchumaa chini ya meza, akaweka mchwa na chenga za mchele kiganjani, akasubiri. Juu cherehani inanguruma, boksi linatetemeka kidogo, na vifaranga wanapanda mmoja mmoja juu ya vidole vyake. Hakuwahi kuwaambia neno.

Wakakua. Milia ikafutika, madoa meupe yakaota, na siku moja mmoja wao akaruka kutoka kwenye boksi hadi juu ya gauni la harusi lililokuwa limetundikwa. Shangazi akaushusha mkasi mkubwa kutoka msumarini.

"Sasa wanatoka nje, lakini nawakata manyoya ya bawa kwanza. Upande mmoja tu, hawasikii maumivu."

"Shangazi..."

"Shangazi nini? Wahenga hawakukosea: ndege mwigo hana mazoea. Kanga naye ni yule yule, hafugiki. Nilipokuwa mdogo nililea wa kwangu, nikawalisha kwa mkono kama wewe. Siku ya kuwafungulia wakapanda paa, wakatazama huku na huku, wakaenda. Nilisimama na bakuli mpaka mama akaja kunivuta ndani kwa sikio."

Kimya alitazama sakafu. Kisha akasema, taratibu, "Chechemea hana mguu. Ukimkata na bawa, paka akija atabaki na nini?"

Shangazi alifungua mkasi, akaufunga. Halikuwa swali alilolitarajia, na hakuzoea kuulizwa na huyu.

"Sawa," alisema mwishowe. "Kesho watoke na mabawa yao. Lakini jua likizama, mmoja tu asiporudi, waliobaki nawakata wote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Asubuhi mlango ukafunguliwa. Kanga saba wakatoka kwa mstari, wakastaajabia mchanga, wakauparua, wakala wadudu. Mchana ulipita vizuri. Shangazi aliamua kuacha kazi siku hiyo, akaweka kigoda mlangoni, mkasi magotini, macho kwa ndege. Jioni, pikipiki ikalipua moshi barabarani, paa! Kanga wote wakaruka. Walitua kwenye paa la karakana ya seremala, ng'ambo ya uchochoro, na kutoka hapo Chechemea akapitiliza hadi juu ya tangi la maji.

"Jirani!" seremala alipiga kelele, randa mkononi. "Umeniletea mapambo ya paa?"

"Waite washuke, wewe mcheshi!"

"Mimi niwaite, mimi ndiye baba yao? Bi Kimya, wewe huwa unawaitaje?"

Kimya alikuwa amesimama na bakuli la chenga. Akafungua mdomo, halafu akaufunga. Ndipo alipogundua. Huwa hawaiti. Hajawahi kuwaita, hata mara moja. Alilitikisa bakuli, akatoa mluzi mwembamba uliokufa kabla ya kuvuka uchochoro. Kanga walimtazama kama wanavyomtazama mpita njia yeyote.

"Kanga hazai ugenini," seremala alisema, safari hii bila utani. "Poleni."

Jua lilikuwa limeshagusa ukuta. Shangazi alipokuwa akiinuka na mkasi wake, akatokea mama mmoja anakimbia: gauni lake la shughuli, pindo halijapigwa, na shughuli ni usiku huu huu!

"Mateso gani haya," Shangazi alinung'unika, akaingia ndani, akaketi, akakanyaga.

Cherehani ikanguruma.

Juu ya paa, vichwa vyote vikageuka pamoja. Mmoja akashuka hadi ukingoni. Wa pili akafuata, akaruka, akatua uchochoroni, akaanza kukimbia kuelekea mlangoni akiwa ameinamisha shingo. Kisha pindo likaisha, mashine ikanyamaza, na yule kanga akasimama katikati ya njia, mguu mmoja juu, hajui pa kwenda.

"Shangazi, kanyaga!"

Seremala aliiangusha randa. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti hiyo.

"Nikanyage nini? Gauni limekwisha!"

"Kanyaga tupu! Wanakuja kwa mashine!"

Sasa, katika nyumba ile palikuwa na sheria moja iliyozidi zote: cherehani haikanyagwi tupu. Mashine isiyo na kitambaa hujitafuna meno, Shangazi alikuwa akisema, na Kimya aliwahi kupigwa kofi mkononi kwa hilo. Shangazi aliutazama mlango. Akamwona yule kanga amesimama. Akachomoa uzi, akakanyaga.

Wakaja. Waliingia wakipigana vikumbo, wakapita katikati ya miguu ya yule mama wa gauni, wakajazana chini ya meza mahali boksi lilipokuwa. Kimya aliwahesabu kwa macho. Sita.

Chechemea alikuwa bado juu ya tangi, akisogea ukingoni na kurudi, akisogea na kurudi. Jua likazama. Makubaliano ni makubaliano. Kimya alirudi ndani na bakuli lake, akasimama kando ya meza, akautazama mkasi uliolala juu ya mabaki ya vitambaa, karibu kabisa na mkono wa Shangazi.

"Limezama," alisema.

"Nimeona. Mimi si kipofu. Kaa pembeni, unanizibia mlango, sauti haitoki."

Akaendelea kukanyaga. Mama wa gauni akaaga, akaondoka na gauni lake. Sindano ilipanda na kushuka hewani, bila uzi, bila kitambaa. Nje seremala alizima taa ya karakana yake ili ndege asivutiwe huko, akasimama gizani. Jasho lilimtiririka Shangazi. Alibadilisha mguu. Macho yake hayakuwa mlangoni tena. Alikuwa ameyafumba.

Hawakumsikia akitua. Kimya aliona tu kivuli kikivuka kizingiti, kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, hadi chini ya meza, ambako wenzake walimfanyia nafasi.

Alitaka kusema. Kisha akautazama uso wa Shangazi, uliokuwa kama wa mtoto aliyeshika bakuli, akaona amwache kidogo. Aliuchukua mkasi polepole, akaurudisha msumarini, akaenda kufunga mlango.

Cherehani ilikuwa bado inanguruma.