Uso Ndani ya Sanduku

Protus alipofunua nailoni hadi kidevuni, alipiga magoti. Ndani ya sanduku refu lililoletwa na lori kutoka Jeddah alilala Nehemiah, mdogo wake, macho yamefumba, damu imekauka kwenye paji la uso. Kovu la jembe juu ya nyusi lilikuwepo. Alimgusa shavu, baridi.

Protus alikuwa mlinzi wa ghala hapa Al-Naseem, Riyadh, na alishawaombea Wakenya wengi waliorudi kwao ndani ya sanduku. Alimpigia Nehemiah mara tatu, simu ikaita hadi ikakata. Basi mtu mzima huyu, asiulize mtu, asisome hata karatasi iliyobandikwa ubavuni, akampigia mama yao kule Malava.

"Mama, Nehemiah ametuacha. Niko naye hapa."

Alisikia simu ikianguka, kisha nduru.

Nusu saa baadaye simu yake ililia. Jina kwenye kioo lilikuwa la Nehemiah.

"Bro, ulinipigia? Singeweza kushika. Mzee alikuwa amenipaka plasta uso mzima, napumulia mirija."

Protus alicheka vibaya, kisha akamtukana. Mzee huyo ni Harlan, Mmarekani mchoraji na mchongaji wa vita vya zamani, ambaye Nehemiah humkorogea plasta huko Al-Safa, Jeddah. Alihitaji uso wa askari aliyekufa kwa sanamu ya jumba la makumbusho, Nehemiah akautoa wake, ukachukuliwa umbo kwa plasta. Kilicholala sandukuni kilikuwa sanamu hiyo, na plasta ya leo ilikuwa ya sanamu ya pili.

"Sikukwambia makusudi," Nehemiah alisema. "Nilitaka ushtuke kidogo tu. Umeambia nani?"

"Mama."

Nehemiah aliacha kujipangusa plasta. Sauti ya Harlan ikasikika ikiuliza kuna nini, naye akamweleza. Mmarekani yule, aliyechonga maiti wa vita miaka arobaini, aliketi juu ya ndoo.

"Askari wangu ana mama?" aliuliza.

Protus na Nehemiah walimpigia mama kwa video. Uani majirani walikuwa wamejaa, wanaume wameshaanza kupasua kuni za matanga. Mama aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, ni mimi. Niko mzima kabisa."

Mama aliutazama uso ule mweupe kwa mabaki ya plasta, asiamini.

"Usifumbe macho," alisema. "Mwanangu, usifumbe."

Nehemiah aliyakodoa, machozi yakichimba njia kwenye plasta, na kila kope zake ziliposhuka, mama alipiga nduru upya.